Picha ya Tatu ya Bibi Meno

Nyumba ya mwisho, nyuma ya kiwanda cha zamani cha magunia,
S.L.P. ile ile.
Alhamisi, tarehe 14, asubuhi baada ya chai.

Mpendwa mdogo wangu Spana,

Salamu zangu zikufikie, hata kama utazipokea kwa kununa. Mimi kakako, mtoto wa mama yako mkubwa, bado nipo. Natembea kwa miguu yangu, naoga mwenyewe, na meno yangu kumi na manane bado yapo kazini. Kuna watu hapa mtaani wenye umri nusu ya wangu hawana hata hayo. Na wewe je, hujambo? Kifua kimetulia? Shemeji anaendeleaje? Watoto wako, ambao najua sasa ni watu wazima na sijawahi kuziona sura zao, hawajambo? Na mkono? Siku za baridi unauma? Swali hilo nimekaa nalo miaka thelathini na moja, leo nimeliandika.

Anwani yako nimepewa na dada yetu mkubwa, tena kwa kunung'unika. Aliniambia, "Nakupa, lakini ukimwandikia mambo yako ya kujisifu, usinijue tena." Nikamwambia anayejisifu ni mwongo, mimi nasema habari za kazi yangu kama zilivyokuwa. Akaguna. Unaujua mguno wake.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Mke wa mwanangu alitaka kuniandikia, ana mwandiko wa kupendeza, nikakataa. Wewe unajua shule niliiacha darasa la nne, na barua ndefu kama hii sijaandika tangu nizaliwe. Nimeweka juu ya karatasi ile rula ya chuma ya karakana, naifuata, maana bila rula mstari unapanda kama moshi. Herufi ni kubwa kwa sababu ya macho. Usicheke.

Macho, mdogo wangu, yanakwisha. Si ule uzee wa kusogeza gazeti mbali. Ni presha ya macho. La kushoto limeshazima. La kulia naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Daktari, mtu mwenye mikono baridi kama chuma cha asubuhi, hakuzunguka. "Mzee, unachotaka kusoma kisome sasa. Kikishapotea hakirudi." Nikamuuliza sasa ni mpaka lini. Akasema miezi miwili, labda mitatu. Mimi! Mimi niliyekuwa naona uzi mmoja umekatika katikati ya nyuzi elfu, nikiwa nimesimama upande wa pili wa banda!

Kwa hiyo nina haraka, Spana. Nina jambo la kukiri na nina ombi. Jambo lenyewe liko kwenye picha nilizokutumia. Ombi ni kwamba unijibu. Nataka jibu lako lilikute jicho hili bado lina mwanga. Kama litachelewa nimekuwekea njia nyingine, kakako hajawahi kukosa njia, nitakueleza mwishoni. Lakini usininyamazie. Nakuomba kabla sijaanza, usije ukaniambia sikuomba.

Picha ziko sita. Mke wa mwanangu anasema mzee mwingine angekuwa na picha ya harusi yake, au ya watoto wamekalishwa kwenye kiti. Mimi nina picha za mashine. Alizikuta kwenye bati la biskuti alipokuwa anafagia chini ya kitanda changu, akazitandaza mezani, akaanza kutafuta watu. "Baba, hapa hakuna mtu hata mmoja!" Nikamwambia watu walikuwepo, walisimama nyuma ya mpiga picha wakinionea wivu. Akacheka mpaka akajishika ubavu. Siku hiyo ilianza vizuri.

Itazame ya kwanza. Hilo ni banda kuu, limepigwa kutoka mlango wa mizigo. Mashine za kufuma zimejipanga kama askari wa gwaride, na vumbi la nyuzi linaonekana hewani kama unga. Tulilimeza lile, tukipiga chafya leso inakuwa ya kahawia. Ukitazama kulia utaona ndoo ya maji na kile kikombe kimoja cha bati tulichogombania banda zima. Ni mlango huo ulioingilia siku ya kwanza, una miaka ishirini, umevaa viatu vya kuazima. Nikakushika bega mbele ya msimamizi nikasema, "Huyu ni damu yangu. Akiharibu kitu, nitajibu mimi." Nilisema hivyo. Kumbuka kwamba nilisema hivyo.

Ya pili ni mota kubwa, ile iliyokuwa ikiunguruma mabati yanatetemeka. Yule mhandisi aliyeletwa kutoka mbali, mwenye kalamu nne mfukoni, alisema imekufa, inunuliwe nyingine. Mimi nikachukua bisibisi, ncha nikaiweka kwenye mota, mpini sikioni, nikasikiliza. Nikasema, beringi ya nyuma. Wakafungua. Beringi ya nyuma! Mhandisi akakusanya kalamu zake akaondoka bila kuaga. Wewe ndiye uliyeanza siku ile kuniita Injinia Bila Cheti, na jina limenikaa mpaka leo. Hata muuza duka ananiita hivyo, ingawa sidhani anajua kwa nini.

Ya tatu iache kwanza. Igeuze uso chini, tutaifikia.

Ya nne ni mashine ya kushonea midomo ya magunia. Ya tano ni meza yangu ya karakana, spana zimetundikwa kwa ukubwa, ndogo mpaka kubwa. Nafasi moja iko wazi, ya namba kumi na saba. Hiyo uliibeba mfuko wa nyuma kutwa nzima, mpaka nyumbani, mpaka ukapata jina. Mpiga picha alisema nitafute kitu cha kuziba pengo. Nikamwambia, "Liache, mwenyewe anayo." Ya sita imeharibika, haionyeshi kitu isipokuwa sakafu na kiatu changu. Mke wa mwanangu anasema hiyo ndiyo picha pekee yenye mtu.

Kiwanda chenyewe hakipo tena. Limebaki banda, na mabati nusu yameng'olewa. Mashine walizikata kwa gesi wakazipakia kwenye lori kama kuni. Niliposikia wamefika kwa Bibi Meno nilijifungia ndani nikawasha redio kwa sauti ya juu, na bado nilisikia. Kwa hiyo mahali alipobaki duniani ni hapo kwenye hiyo karatasi uliyoigeuza uso chini.

Sasa igeuze.

Ndiye huyo. Mashine ya kuchana nyuzi, pipa zima meno matupu kama kichana cha jini, na pembeni gia saba zinaumana. Miaka kumi chini ya mkono wangu hakupoteza hata zamu moja kwa ubovu. Ndiyo sababu meneja aliita mpiga picha. Nilikuwa nimempaka grisi mpya, nimemfuta vumbi kwa brashi ya meno, gia zinang'aa kama vijiko vya mgeni. Tazama zinavyong'aa. Mtu yeyote anayejua kazi ataitazama picha hiyo na kuuliza fundi wake ni nani.

Kabla sijaendelea lazima nikueleze kitu kwa aibu. Katika nyumba hii, na katika nyumba za ndugu zetu wote, kuna hadithi yako. Mtoto akigusa waya wa umeme, akivuka barabara bila kuangalia, anaambiwa, "Usiwe kama Spana, tazama kitambaa kwanza!" Wajukuu zangu wanalijua jina lako kabla ya kujua wewe ni nani wao. Hadithi hiyo niliianza mimi. Kwamba kanuni ya kiwanda ilikuwa anayefungua kava ya mashine anafunga kitambaa chake chekundu kwenye swichi, na hakuna anayewasha mpaka aliyekifunga akifungue kwa mkono wake mwenyewe. Kwamba siku ile nilifungua kava ya Bibi Meno nikafunga kitambaa. Na kwamba wewe ulikuja, hukukitazama, ukawasha.

Basi mke wa mwanangu akaichukua picha ya tatu akaisogeza dirishani. Akasema, "Baba, hiki kitu kama tundu la kuku kilichoegeshwa ukutani ni nini?" Nikasema hiyo ndiyo kava ya gia, kava ya wavu wa chuma, niliifungua ili gia zionekane. Akasema, "Na hii ndiyo ile swichi?" Ndiyo, mama. Akaiinamia picha. Halafu kwa sauti ndogo, "Kitambaa kiko wapi, baba?"

Nikasema picha imefifia.

Haijafifia, Spana. Itazame mwenyewe. Ni picha ya rangi. Kopo la rangi nyekundu pale juu ya rafu linaonekana jekundu kama limefunguliwa jana. Swichi iko wazi kama kipara. Nilimfokea mtoto wa watu, nikamwambia asiguse vitu vyangu tena, akaenda jikoni. Tangu siku ile ananiandalia chakula, ananiambia karibu baba, lakini hanitazami. Nimebakiwa na jicho moja, nusu, na hilo linaliona vizuri kabisa.

Sasa nisikilize. Naandika mara moja tu, sitarudia.

Asubuhi ile nilifungua kava, nati nne, nikazitia mfukoni. Nikafunga kitambaa changu kwenye swichi kama kanuni inavyotaka. Mpiga picha akachungulia kwenye kamera yake, akasema, "Fundi, hicho kitambaa kinavuta jicho. Kinaiharibu." Miaka mingi nimemlaumu yule bwana kimoyomoyo. Lakini yeye alikuwa mtu wa kamera, angejuaje? Mkono uliofungua fundo ni huu ninaoandikia. Nilikifungua nikakitia mfukoni pamoja na zile nati. Nilitaka Bibi Meno atoke mzuri.

Akapiga. Alipomaliza, nikaacha kurudisha kava, nikamsindikiza mpaka getini. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa ananisikiliza. Nilikuwa namsimulia habari ya mota na mhandisi wa kalamu nne. Nilimsimulia mara mbili. King'ora cha zamu ya mchana kikalia mimi bado naongea, mkono mfukoni, nachezea nati.

Wewe ukaingia. Ukatazama swichi kama nilivyokufundisha. Haina kitambaa. Ukawasha. Halafu ukafanya jambo ambalo hakuna mtu duniani aliyekufundisha isipokuwa mimi. Ukainua macho kwenye nyuzi, na kiganja ukakipeleka kwenye kava ili usikie beringi zinasemaje. Nilikuwa nakuambia, "Usiutazame mkono, mkono una masikio yake." Ukaweka kiganja mahali pa kava. Kava ilikuwa ukutani.

Nilikusikia nikiwa getini. Nikakimbia. Na hili ninaloandika sasa sikumwambia hata marehemu mke wangu. Nilipofika, watu wote walikuwa wamekuinamia. Mmoja anakufunga mkono kwa shati lake, mwingine analia kama mtoto. Aliyeizima mashine aliizima kwa hofu, hata hakujua amegusa nini. Hakuna aliyekuwa anatazama ukutani. Mimi nilitazama ukutani. Nikatoa kitambaa mfukoni, nikakifunga kwenye swichi. Nikakaza fundo. Ndipo nikaja nikapiga magoti, nikakushika kichwa, nikaita jina lako kwa sauti kuwapita wote.

Nimeiandika. Nilisimama kidogo nikanywa maji. Sasa naendelea.

Kwenye ofisi ya meneja ulisimama na bandeji, vidole vinne havipo. Ukasema, "Kitambaa hakikuwepo." Meneja akanigeukia mimi. Nikasema kilikuwepo. Ukasema tena, na safari hii hukumtazama meneja, ulinitazama mimi. "Kaka, hakikuwepo." Nikakujibu, "Kilikuwepo, mdogo wangu, hukukiona tu." Kwa upole! Ningekufokea ingekuwa afadhali. Wakaandika kwenye karatasi kwamba ni uzembe, wakakupa karatasi hiyo, na nasikia kila kiwanda ulichobisha hodi waliisoma kwanza karatasi kabla ya kukusoma wewe.

Niliogopa, Spana. Sikuogopa kufukuzwa peke yake. Niliogopa kwamba mimi, Injinia Bila Cheti, nitakuwa mtu aliyesahau kava. Nikajiambia nitakaa kimya mpaka mambo yapoe, halafu nitasema. Mambo yalipoa, sikusema. Picha zikaja kwa posta mwezi mmoja baadaye. Nilifungua bahasha karakana nikiwa peke yangu, nikaona hiyo swichi tupu. Wewe ulikuwa hujaondoka bado, ulikuwa unakaa kwa dada. Ningeweza kutoka pale pale, na ovaroli yangu, nikaenda nayo kwa meneja. Ni hatua sitini, nilizihesabu baadaye. Nikaitia kwenye bati.

Na sikuichana. Kila mwaka nasema nitaichana, siichani. Unataka kujua kwa nini? Nilijidanganya kwamba ni kwa ajili yako, kwamba siku moja itakusaidia. Uongo. Sikuichana kwa sababu Bibi Meno alitoka mzuri. Huyo ndiye kakako. Sikufichi kitu tena.

Kuna la mama yako. Hili ndilo linalonitafuna, macho yaende tu lakini hili liondoke. Alipokuwa kitandani siku zake za mwisho, nilikuwa namlisha mimi kwa kijiko. Akanishika mkono akasema, "Mwanangu, niambie mimi peke yangu. Kile kitambaa kilikuwepo?" Nikasema, "Kilikuwepo, mama mdogo." Akasema, "Basi." Akageukia ukutani. Hakuniuliza tena, na siku ya pili yake akatutoka. Hukuja kumzika, watu wakakusema vibaya. Mimi nilikaa mbele, kwenye kiti cha mtoto wa marehemu, watu wanakuja wananipa pole. Kiti chako, Spana. Pole yako. Nilizipokea zote.

Yeye siwezi kumwandikia. Nimebaki na wewe tu.

Juzi baada ya chakula cha mchana nilimwita mwanangu, na mkewe, na wajukuu, nikasimama nikawaambia. Nilisimama kwa sababu nikikaa nitatafuta maneno ya kuzunguka. Mwanangu akatoka nje, akasimama uani amenipa mgongo, mpaka leo sijui anawaza nini. Mjukuu wangu wa kike, yule mdogo, akauliza, "Kwa hiyo Spana alitazama?" Nikamwambia alitazama. Alitazama vizuri kabisa, mjukuu wangu, kama nilivyomfundisha. Akasema, "Sasa hadithi tutaisemaje?" Nikamwambia itasemwa na mwenyewe, akipenda.

Mke wa mwanangu alisubiri wengine watoke. Akasema, "Mpelekee hiyo picha, baba. Yenyewe, usimpelekee kivuli." Na akanitazama. Mara ya kwanza tangu siku ile.

Kwa hiyo hiyo uliyoshika ndiyo yenyewe, sina nyingine. Nyuma yake nimeandika, Kitambaa hakikuwepo, nikaweka na dole gumba, asije mtu akasema mzee alikuwa haoni anachoandika. Waonyeshe watoto wako. Kama kuna mtu aliwahi kuwaambia baba yao alikuwa mzembe, wampelekee usoni. Wakitaka kuja hapa waniulize mdomo kwa mdomo, mlango uko wazi, mimi siendi popote, naenda wapi na jicho hili?

Mengine yote uliyopoteza sina namna ya kuyarudisha. Nimefikiri mpaka kichwa kimeuma. Mashine nilijua kuzitengeneza zote, hata zilizosemwa zimekufa, na hiki kimoja nimekizunguka miaka thelathini na moja sijui nianzie nati gani. Na kuomba sijui, unanijua, hata chumvi mezani naiomba kama naamrisha. Lakini naomba. Kila siku natembea mpaka posta na kurudi, na barua bado sijaituma! Najaribu njia tu, nijue nitafikaje nikiwa sioni. Karani wa pale ananicheka, anasema, "Mzee, unasubiri barua gani na wewe hujaandika?"

Ile njia nyingine niliyokuahidi ni hii. Chini ya picha utakuta kitambaa chenyewe. Kimefubaa, kimekuwa rangi ya tofali, lakini ndicho. Nimekifunga kwenye nati moja, mojawapo ya zile nne. Kanuni unaijua, aliyekifunga ndiye anayekifungua. Niliivunja mara moja, nilipokifungua kava ikiwa bado wazi, naivunja tena leo kwa mara ya mwisho. Hiki nimekifunga mimi, na wa kukifungua ni wewe. Kama moyo wako utakubali, kifungue, unirudishie kimenyooka, na nati utupe huko. Kama moyo utakataa, nirudishie fundo langu kama lilivyo. Huhitaji kuandika neno hata moja, najua kuandika kwa mkono wa kushoto kunachosha. Kama jicho litakuwa limeshazima nitapapasa. Nitajua. Hata hilo la kukataa nitalipokea, ni haki yako, ila lisiwe kimya. Kimya sitakijua maana yake, nitakuwa nakaa kizani napapasa kila bahasha ya watu wengine.

Fundo lenyewe nimelifunga la kuteleza. Unavuta ncha moja, linaachia. Nimelijaribu mara nyingi hapa mezani kwa mkono wa kushoto peke yake, na linafunguka.

Nisalimie shemeji, mwambie sikumsahau, yeye ndiye aliyekufungashia mizigo siku ile na hakunipa mkono, na alifanya sawa. Nisalimie watoto wako mmoja mmoja. Dada yetu mkubwa anakusalimu, miguu inamsumbua lakini ulimi hauna ugonjwa. Mke wa mwanangu anakusalimu. Mjukuu wangu mdogo anasema nikuandikie hivi: salamu kwa babu Spana aliyetazama.

Mungu akulinde na wako wote, akupe usingizi ambao mimi nilikunyang'anya, na kama ana wema wowote aliouweka kwa ajili yangu, akuongezee wewe.

Ni mimi nikupendaye, ingawa siku moja ya kukupenda ilipofika nilitazama ukutani,

Kakako,
Injinia Bila Cheti.

Nimesahau jambo. Stempu nimeibandika mwenyewe. Kama imekaa upande, ni macho, si uzembe. Uzembe wangu uko kwenye picha ya tatu.